Jumapili ya Boneti Isiyofunga

Marehemu Aniceto Valdivia, Mungu amlaze mahali pema, alikuwa na kanuni moja ambayo kila kijana aliyepita kwenye karakana yake pale mjini Ranchuelo aliondoka nayo kichwani, hata kama hakuondoka na kitu kingine: mlango kwanza, digadi pili, boneti mwisho. Aliitamka kama mtu anayesali rozari, huku akigonga mlango, kisha bati la juu ya gurudumu, kisha boneti, kwa kifundo cha kidole. Gari kuukuu, alisema, hunyooshwa kutoka nyuma kuja mbele. Ukiona boneti imekaa upande, usiiguse. Nenda kwanza ukauulize mlango.

Wanaomkumbuka makaburini huirudia kanuni hiyo hadi leo. Wachache wanajua kwamba kuna Jumapili moja yeye mwenyewe aliisahau, na kwamba kusahau huko nusura kumgharimu mke.

Ulikuwa mwaka ule mafuta yalipoadimika mpaka farasi wa mikokoteni wakawa wanapita katikati ya barabara kama mabwana. Zoraida, mke wa Aniceto, figo zake zilikuwa zimekufa. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alipaswa kufika hospitali kule Santa Clara aunganishwe na mashine ya kusafisha damu. Zamani teksi ya serikali ilimfuata mpaka mlangoni. Mafuta yalipokwisha, teksi nayo ikakata mguu. Likabaki gari la familia, la mwaka hamsini na tatu, la kijani, lenye injini iliyotolewa kwenye lori la Kirusi. Dereva wake alikuwa Lino, mdogo wake Zoraida, aliyekuwa akikusanya mafuta kidogokidogo kwenye madumu na kulala yakiwa chini ya kitanda chake.

Boneti ya gari hilo ilikuwa haifungi sawasawa kwa muda mrefu. Mganga hajigangi. Aniceto alinyoosha magari ya mji mzima, la kwake likafungwa kwa kamba. "Nitalishughulikia," alikuwa akisema, na kesho yake mteja mwingine anaingia.

Ijumaa moja, wakiwa njiani kwenda hospitali, wamelivuka daraja tu, kamba ikakatika. Upepo ukaibeba boneti ikasimama wima, ikapiga kioo cha mbele. Lino hakuona tena barabara. Aliona bati. Gari likaenda kutulia ndani ya mtaro wa shamba la miwa. Hakuna aliyeumia, sifa kwa Mungu, lakini kioo, upande wa abiria, kilipasuka kama utando wa buibui. Askari wa pikipiki aliyesimama kuwasaidia alisema kwa upole, na upole huo ndio uliotisha: "Nikiliona tena gari hili na kamba, nang'oa mabamba yake ya namba kwa mikono yangu."

Trekta liliwavuta kurudi nyumbani. Zoraida akaikosa mashine ya Ijumaa.

Kufikia Jumapili asubuhi alikuwa amekaa kwenye kiti cha bembea mlangoni, miguu imevimba hadi ngozi inang'aa, kila pumzi anaivuta kama ndoo kutoka kisimani. Kulala hakuweza, akilala anazama. Kunywa hakuruhusiwa, akinywa anazidi kuvimba. Alikuwa akilowesha kitambaa na kujifuta midomo. Jirani aliyepiga simu kuomba gari la wagonjwa alirudi ameinamisha kichwa. Wamesema labda Jumanne. Daktari alikuwa amekwisha kusema zamani, bila kuzungukazunguka, kwamba akikosa mara mbili mfululizo, waanze kumwita padri.

Kwa hiyo kazi ilikuwa moja. Kabla jua la Jumapili halijazama, boneti ifunge.

"Shemeji, sikiliza," alisema Lino, amekaa juu ya dumu. "Boneti ikifunga, nampeleka dada yangu hata kwa kusukuma. Isipofunga, siendi. Kamba siiamini tena. Nimeiona ahera kupitia kile kioo."

"Si umeendesha kwa kamba miezi yote hii?"

"Nilikuwa mjinga. Sasa ni mwoga. Hayo ni maendeleo."

"Basi tuing'oe boneti, twende bila."

"Tufike kwenye kizuizi injini iko uchi kama Adamu? Mabamba yanabaki kwa askari, sisi tunabaki porini."

"Au niipige boliti moja kwa moja kwenye madigadi, isifunguke tena."

"Na rejeta inayovuja tutaijaza maji kwa maombi?"

Aniceto alilizunguka gari. Alisimama mbele ya gari akiitazama boneti kama mtu anavyomtazama mtoto aliyemtia aibu mbele ya wageni. Upande wa kushoto ilikaa vizuri. Upande wa kulia, kona ya nyuma, karibu na kioo, ilikuwa imezama, na pua yake mbele imebenuka juu kama mdomo wa mtoto anayekataa uji. Ulimi wa komeo ulikuwa ukishuka kando ya tundu lake, unagusa tu ukingo na kuteleza.

Boneti hiyo aliitengeneza yeye. Ile ya asili ililiwa na kutu, naye katika miaka ya njaa, alipokuwa bado na mgongo wa kijana, alikata paa la basi bovu akaipiga nyundo kidogokidogo juu ya mfuko wa mchanga hadi ikapata umbo. Watu walikuja kuitazama. Alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha sukari, baba yake akilisha tanuri kwa makapi ya miwa, na hakupata shule ya kutosha kujivunia. Boneti ile ilikuwa ndiyo cheti chake. Basi ilipokipasua kioo mbele ya uso wa mkewe, hakutafuta mkosaji mwingine. Aliishuku kazi ya mikono yake mwenyewe, na hofu ikamshika mkono ikamwongoza moja kwa moja mpaka kwenye boneti.

Alilegeza bawaba, akaisukuma boneti nyuma. Ikagusa kioo. Akaivuta mbele. Kona ya kulia ikazidi kuzama. Akaweka washa, kile kiduara cha chuma, chini ya bawaba ili aiinue. Ikainuka huko, ikabenuka zaidi huku. Kila alipotengeneza upande mmoja, mwingine uliharibika. Jua likapanda. Umeme ukakatika, na mashine ya kuchomelea ikanyamaza.

"Jirani!" sauti ilitoka upande wa pili wa uzio. "Hiyo boneti inataka kufungwa au inataka kuzikwa?"

Alikuwa Bárbaro Cuéllar, fundi wa bodi kama yeye, jirani wa uzio uleule. Hawakuwa wameongea kwa miaka, tangu Bárbaro alipomwambia mteja kwamba Aniceto hunyoosha bati macho yamefumba.

"Mwambie huyo mtu," Aniceto alimwambia Lino, "kwamba leo sina muda wa mbwa."

"Anasema hana muda wa mbwa," Lino akapaza sauti.

"Mwambie mbwa anaona kona ya kulia. Yeye hata hiyo haioni."

Aniceto aliweka kipande cha mbao chini ya kona iliyozama, akaupanda ukingo wa mbele kwa goti, akakandamiza kwa uzito wote wa mwili wake. Ni njia ya zamani, mafundi wote wa huko huitumia, nayo hufaa bati likiwa kweli limepinda. Bati lake halikuwa limepinda. Likalia, rangi ikapasuka, na kona ikajikunja kama pembe ya ukurasa wa kitabu. Akaiinua boneti, akaishusha. Sasa haikufunga kulia wala kushoto.

Alikaa chini, mgongo kwenye gurudumu. Kutoka mlangoni alisikia ile pumzi ya kisima, ndoo inapanda, ndoo inashuka, na kati ya ndoo moja na nyingine kimya kilikuwa kimeanza kurefuka. Mfa maji haachi kutapatapa, lakini yeye hata pa kutapatapia hakupaona tena.

"Bikira Mama wa Cobre," alisema, si kwa sauti ya kanisani, "sikuombi muujiza. Wenye kuomba miujiza ni wengi. Mimi naomba upana wa kidole kimoja. Kidole kimoja tu, Mama. Utanyimaje kidole?"

Aliyejibu ni farasi wa mkokoteni, aliyepiga chafya barabarani.

"Mzee," Zoraida aliita. "Nipelekeni nikae garini. Kiti kile kimenyooka. Nikiketi pale napumua kidogo."

Walimshika huku na huku. Hatua chache zile zilimmaliza. Walipofika, yeye mwenyewe alishika kitasa cha mlango wake wa kulia, akaunyanyua kidogo kabla ya kuuvuta, kama mtu anayejua tabia ya mnyama wake. Hata hivyo ukingo wa mlango ukakwaruza digadi: krrr.

"Na huu nao," alisema akihema. "Tangu Lino aniwekee sakafu mpya hapa miguuni, lazima niubembeleze. Usipounyanyua, unaiuma digadi."

Aniceto alibaki amemshika kiwiko, haendi mbele wala nyuma.

"Umesema nini?"

"Nimesema unauma. Niketishe, bwana, nitaanguka."

Alimketisha. Kisha akaufunga mlango polepole na kupitisha kidole kwenye mwanya kati ya mlango na digadi. Juu, hata ukucha haukuingia. Chini, kidole kizima kilipita. Alikipitisha tena. Mlango. Miaka yote anawapigia vijana kelele, mlango kwanza, na siku aliyohitaji neno hilo kuliko siku zote, alikuwa amekimbilia kitu kilichomtisha, akakipiga tangu asubuhi ilhali hakina kosa lolote. Boneti haikuwa imesogea. Mwili wa gari ndio uliokuwa umezama upande wa kulia, ukashuka na bawaba.

"Lino."

"Naam, shemeji."

"Ulipochomelea sakafu, ulitoa ile raba inayokaliwa na bodi juu ya vyuma vya chesisi, upande huu?"

"Iliungua na moto wa kuchomelea. Nikaweka nyingine."

"Nyingine gani?"

"Raba."

"Raba gani, Lino?"

"Shemeji, raba ni raba."

Raba za gari lile zilikatwa kwenye mkanda uliokuwa ukibeba miwa kiwandani, mpira mnene wenye nyuzi ndani yake, ambao hubeba bodi ya gari miaka thelathini bila kulalamika. Aniceto hakuuliza tena. Alilaza ubao chini ya bodi, akaweka jeki, akafungua boliti kuu na kuingiza vidole. Akatoa kitu cha bluu, kimebanwa kikawa chembamba kama ganda la kitunguu. Juu yake lilionekana ua jeupe.

Zoraida alichungulia kutoka kwenye kiti.

"Kandambili zangu!"

Lino akaanza kutazama mawingu.

"Kandambili zangu nilizotumiwa na binti yangu Yanelis! Nimemsingizia mtoto wa jirani mbele ya mama yake! Zote mbili, mshenzi wewe?"

"Ya kulia na ya kushoto, dada. Nilizipanga moja juu ya nyingine. Zilikuwa nene wakati ule."

Aniceto aliinua spana, na pengine Jumapili ile ingekuwa na msiba wa aina nyingine, lakini Zoraida alianza kucheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakataa kwisha. Midomo yake ikapata rangi ya jivu. Walimshikilia akiwa ameketi wima, Lino analia waziwazi, "Dada, dada, nisamehe, nitakununulia kumi," hadi pumzi ikarudi, nyembamba, yenye filimbi ndani yake.

Hakuna aliyecheka tena.

Kosa lilikuwa limejulikana, dawa haikuwepo. Kiwanda cha sukari kilibomolewa zamani, vyuma vikauzwa, na mikanda yake ikagawanywa vipandevipande miongoni mwa watu waliojua thamani yake. Aniceto alikuwa amekwisha kuitumia yote ya kwake kwenye magari ya wengine. Mpira wa gurudumu ungekuwa mwembamba na laini, nao ungezama kabla ya kufika Santa Clara. Mjini alibaki mtu mmoja mwenye kipande kinene, na kila fundi alijua kilipo: chini ya fuawe ya Bárbaro Cuéllar, kikimeza kelele za nyundo.

Lino alisema ataenda yeye.

"Wewe kaa na dada yako," alisema Aniceto. "Hili ni langu."

Bárbaro alikuwa amekaa kivulini, anamenya muhogo. Hakuinuka.

"Umekuja kuniuzia boneti?"

"Nimekuja kuomba."

"Sikio hili limeliwa na nyundo. Sema tena."

"Nakuomba, Bárbaro. Ile raba ya chini ya fuawe. Bodi yangu imezama. Kesho Zoraida asipofika kwenye mashine, keshokutwa tunachimba kaburi. Umesema maneno juu ya kazi yangu, na leo yametimia, nimenyoosha bati macho yamefumba tangu asubuhi. Mtangazie mji mzima. Ila nipe raba."

Bárbaro aliendelea kumenya. Kisha akakiweka kisu chini.

"Mama yangu alipokuwa anakufa, Zoraida alimletea supu kila siku, na sisi wawili hatusalimiani. Wewe sikupi kitu. Yeye nampa." Akainuka, akaishika fuawe kwa mikono miwili. "Shika upande huo, usisimame kama mlingoti. Na nabeba jeki yangu. Ya kwako inavuja, nimeiona kupitia uzio."

Waliikata raba kwa kisu kilicholoweshwa maji ya sabuni, duara mbili, nene kama kipande cha mkate. Jeki ikapanda. Bodi ikalia, mle ndani Zoraida akafumba macho na kushika rozari, kwa maana alikataa kushuka na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumbishia. Raba zikaingia. Bodi ikashushwa juu yake, ikakaa.

Aniceto alifungua mlango wa kulia na kuuachia. Ulijifunga wenyewe kwa sauti ndogo, nzito, kama neno la mtu mstaarabu.

"Mlango," alisema Bárbaro.

"Digadi," alisema Aniceto, na wakaisogeza digadi ifuate mlango.

Ikabaki boneti, na hapo ndipo uchungu wa kazi ya asubuhi ulipowadia. Bawaba zilikuwa zimehamishwa mara nyingi hata hakuna aliyejua mahali pake. Aniceto akapiga magoti, akalipuliza vumbi, akatafuta alama za zamani ambazo boliti zilikuwa zimeziacha kwenye rangi, duara za kijani kisichopauka. Akazipata. Akarudisha kila bawaba kwenye kivuli chake. Ile kona iliyojikunja waliinyoosha pamoja, Bárbaro ameshika mbao kwa chini, Aniceto anagonga juu, ko-ko, ko-ko. Jua lilikuwa limefika kwenye paa la kanisa.

Aliishusha boneti. Ulimi wa komeo ukagusa ukingo wa tundu, ukateleza.

Aniceto aliweka paji la uso juu ya bati. Mabega yake yakaanza kutikisika.

"Acha kulia juu ya rangi," alisema Bárbaro. "Komeo nalo ulilisogeza. Asubuhi, ulipokuwa na goti juu. Nilikuona. Lirudishe."

Alilirudisha. Aliinua boneti, akajifanyia ishara ya msalaba, akaiachia.

Ikafunga.

Lino alilizungusha gari mtaani, akalivusha mara mbili juu ya reli pale mashimo yalipo makubwa kuliko yote, Zoraida bado amekaa mle ndani kama malkia mgonjwa. Liliporudi, Aniceto alikuwa amesimama mahali palepale, hajathubutu hata kuangalia.

"Imekaa," alisema Lino. "Imekaa kama askofu."

Lakini mgonjwa hakuwa gari. Asubuhi ya Jumatatu walipoondoka, Zoraida hakuwajibu tena. Kichwa chake kilimlalia Aniceto begani, kizito, na ile filimbi ya pumzi ilikuwa ikipotea, inarudi, inapotea. Aniceto alimsemesha njia nzima. Alimsemesha habari za ng'ombe waliokuwa wakipita, za Yanelis, za yule askari kwenye kizuizi aliyelitazama gari, akaitazama boneti, akawapungia mkono wapite. Macho yake hayakuiacha boneti hata kilomita moja. Aliushikilia mwanya ule kwa macho, kana kwamba akipepesa, bati litainuka na kumfunika mkewe kabisa.

Mlangoni pa hospitali wahudumu walimweka kwenye kiti cha magurudumu na kukimbia naye. Mmoja aliuliza kwa nini wamechelewa kumleta, naye Aniceto akaonyesha boneti kwa kidole. Milango ikafungwa.

Alirudi nje akasimama kando ya gari. Lino alitaka kufungua boneti atie maji kwenye rejeta.

"Usiiguse," alisema Aniceto.

"Shemeji, injini inachemka."

"Nimesema usiiguse. Nenda kakae kivulini."

Alisali Salamu Maria, akapotea katikati, akaanza tena. Watu waliingia na kutoka. Kila mlango ulipolia, aligeuka kutazama. Hatimaye muuguzi mmoja, msichana mwenye nywele zilizosukwa, alitoka akaangaza huku na huku.

"Nani mume wa Zoraida?"

Aniceto aliinua mkono.

"Wewe?" Msichana alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu vilivyojaa grisi. "Ameamka. Yuko kwenye mashine, na ameshaanza kututuma. Anauliza kama umekula."